Kutoka Ushauri wa Afya ya Akili hadi Ukocha wa Maisha

Mshauri wa afya ya akili humpokea mtu aliyeumia, akamsaidia kupata usingizi, kutuliza hofu na kuishi na kumbukumbu zinazomchoma. Kocha wa maisha humpokea mtu aliyesimama imara, mwenye lengo lakini asiyejua aanzie wapi. Kazi hizi ni jirani, na washauri wengi huhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Ukocha ulijipanga kama taaluma miaka ya 1990. Shirika la International Coach Federation liliundwa mwaka 1995.

Uhamaji huo una maana ya pekee mashariki ya Kongo. Kabimba, penye kiwanda cha saruji kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kalemie, pako katika jimbo lililotikiswa na mapigano ya Watwa na Waluba. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao, hasa mwaka 2016 na 2017. Katika eneo hilo la mashariki, waathirika wa vita husikilizwa zaidi na wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, maarufu kama APS. Kazi yao imepimwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wanawake 405 wa Kivu walionusurika ukatili wa kingono. Miezi sita baada ya tiba ya vikundi, asilimia 9 ndio waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, dhidi ya 42 miongoni mwa waliopata msaada wa mmoja mmoja.

Baada ya nafuu huja swali la kesho. Huko Bukavu, kituo cha Cité de la Joie, kilichofunguliwa mwaka 2011, hulijibu kwa kuwapokea wanawake kwa miezi sita na kuunganisha tiba na mafunzo ya uongozi na stadi za maisha.

APS anayehamia ukocha hubeba mengi: sikio tulivu, kutunza siri, kutohukumu. Linalobadilika ni maswali. Tuseme mjane anayekausha ndakala, yaani dagaa, ufukweni Kabimba anataka kukuza mtaji. Mshauri angemuuliza tangu lini hapati usingizi. Kocha humuuliza anauza ndoo ngapi kwa juma, faida inaishia wapi, na atafanya nini kabla ya kukutana tena. Jibu hutoka kwa mjane mwenyewe: ataweka fungu kwenye likelemba, mchezo wa kuchangishana fedha kwa zamu, kila juma. Kikao kinachofuata huanzia hapo: fungu liliwekwa?

Mafunzo mapya ni ya lazima. Cheti cha kwanza cha shirika la makocha lililotajwa mwanzoni hudai saa 60 za masomo na saa 100 za kazi na wateja. Mapatano na mteja nayo yawe wazi tangu mwanzo: huu ni ukocha, si tiba, na mtu mmoja asiwe mgonjwa na mteja wa msaidizi yuleyule kwa wakati mmoja.

Mpaka muhimu zaidi ni wa usalama. Mtu anayeshtuka kila mlango unapobamizwa, au anayesema heri angekufa, hahitaji malengo ya juma. Anahitaji matibabu, na kocha ana wajibu wa kumfikisha kwa mhudumu wa afya. Katika jimbo ambalo majeraha ya vita bado ni mabichi, kocha anayefaa ni yule ambaye hajasahau ushauri.