Mwanamke na Shamba

Kulima shamba na kuwa na haki juu yake si jambo moja. Katika vijiji vyetu vingi mama ndiye anayelima mihogo na maharagi. Lakini kwa desturi udongo ni wa ukoo wa bwana. Mwaka 1973 sheria ilisema: udongo wa Kongo ni mali ya Leta, nao watu wanaomba hati. Lakini sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate kwanza ruhusa ya bwana. Mwaka 2016 ruhusa hiyo iliondolewa. Desturi haikuondoka pamoja nayo. Bwana akifa, mjane asiye na hati anaweza kufukuzwa. Basi, katika mafundisho ya ndoa tuwashauri wote wawili waandikishe majina yao kwenye hati moja.