Istilahi za Seva: Kusasisha, Kupandisha na Kuhamisha

Baadhi ya ofisi na vyuo hutunza faili zao katika seva zao wenyewe, yaani kompyuta zinazozihudumia kompyuta nyingine. Miongoni mwa programu zitumikazo kwa kazi hiyo ni Nextcloud, iliyochipuka kutoka ownCloud mwaka 2016. Programu ya namna hii ikichakaa haina budi kubadilishwa, na hapo ndipo mfasiri wa mwongozo anapopata tatizo. Aghalabu neno "kuboresha" hutumiwa kwa vitendo vitatu vilivyo mbalimbali. Katika mazungumzo kasoro hiyo husameheka. Katika mwongozo yaweza kuipotezea idara kumbukumbu zake zote. Yafaa basi tuvipambanue vitendo hivyo.

1. Kusasisha. Kitenzi hiki kimejengwa juu ya neno "sasa". Kitumike kwa marekebisho madogo yafanywayo ndani ya toleo kuu lile lile, kama vile kutoka 25.0.1 hadi 25.0.2.

2. Kupandisha toleo. Huku ni kutoka toleo kuu moja kwenda lifuatalo. Mtumishi wa serikali anajua kwamba madaraja hupandwa moja moja, na Nextcloud nayo hairuhusu kuruka. Mwenye toleo la 22 anayelitaka la 26 sharti apitie la 23, la 24 na la 25. Zaidi ya hayo, toleo la 25 ndilo la mwisho kuikubali PHP 7.4, lugha ambayo programu hiyo imeandikwa kwayo. Kwa hiyo anayeitumia PHP hiyo hana budi kuibadilisha kabla ya kupanda hadi la 26. Wala toleo likishapandishwa halishushwi. Njia ya kurudi nyuma ni kurejesha nakala iliyowekwa kabla.

3. Kuhamisha data. Kitendo hiki huihusu zaidi kanzidata. "Kanzi" ni hazina, na wengine husema "hifadhidata". Maneno yote mawili yanaeleweka, ila mwandishi ashike moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kanzidata ya PostgreSQL ya toleo kuu jipya haiwezi kuzisoma moja kwa moja faili zilizoandikwa na toleo kuu la zamani. Data hutolewa kwa maandishi na kupakiwa upya, au hugeuzwa kwa programu maalumu. Kila toleo kuu hutunzwa na watengenezaji wake kwa miaka 5 hivi: la 12, lililotolewa mwaka 2019, lilikoma kutunzwa Novemba 2024.

Kuna jozi nyingine inayochanganywa, nayo ni "nakala rudufu" na "usawazishaji". Usawazishaji huzifanya kompyuta zote ziwe na faili zile zile. Faili ikifutwa kwenye moja, hufutwa na kwingineko. Nakala rudufu hukaa kando, haiguswi na ufutaji huo. Mwongozo unaomwambia fundi "sawazisha" mahali pa "rudufu" unamwacha bila kinga. Tena faili na kanzidata ni vitu viwili: kanzidata hueleza faili ni ya nani na amegawiwa nani. Nakala ya kimoja bila ya kingine ni nusu ya kazi, nazo zote zichukuliwe wakati seva imefungwa kwa matengenezo, ili zilingane.

Tuchukue sentensi hii: "Boresha seva na kanzidata." Fundi hawezi kujua aanze wapi. Tunapendekeza iandikwe hivi: "Funga seva kwa matengenezo. Rudufu faili na kanzidata. Jaribu kurejesha nakala hizo katika kompyuta nyingine. Ndipo upandishe toleo moja, uhakikishe linafanya kazi, kisha uendelee na lifuatalo."

Wafasiri na walimu wanaombwa wazitumie istilahi hizi katika miongozo na madarasa yao, na watuletee maoni pale ambapo mafundi wenyewe wana neno linalofaa zaidi.