Kuweka Seva kwa Kiswahili: Tuliyojifunza Södertälje

"Jamani, mmeandika tubonyeze Anza. Hapa hakuna Anza. Au tumefungua programu nyingine?"

Swali hilo lilitufikia kwa simu Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba. Dar es Salaam ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Huku Södertälje, mji ulio kusini-magharibi mwa Stockholm, ilikuwa saa tisa na nusu, na jua lilikuwa limeshazama. Sisi watatu, wanachama mliotuaga mwezi Agosti, tulikuwa tumeizunguka kompyuta ya mezani tuliyoinunua kwenye duka la mitumba. Wenzetu walikuwa wameizunguka ile ya chumba cha chama. Katikati yetu ulikuwapo mwongozo wa kurasa nne tulioutunga kwa Kiswahili, nao ulikuwa umekwama katika hatua ya tatu.

Wasomaji wapya hawajui kilichotufikisha hapo, kwa hiyo tueleze kwa kifupi. Majarida yetu ya zamani yalikuwa mtandaoni. Ada ya mwaka haikulipwa kwa wakati, tovuti ikafungwa, na tulipokwenda kuulizia tukaambiwa mafaili yameshafutwa. Kosa lilikuwa letu wenyewe. Zilizobaki ni nakala zilizopigwa skani, nazo zipo kwenye kompyuta ya chumba cha chama na kwenye flashi mbili zinazogombaniwa, ambazo kila zikirudi hurudi na virusi. Kabla hatujasafiri tuliahidi mambo mawili. La kwanza, kompyuta ile itageuzwa kuwa seva, ili mwanachama yeyote aliye karibu na chumba asome majarida kwa simu yake bila kutumia bando. La pili, kazi yote itaandikwa kwa Kiswahili, ili viongozi wajao waweze kuirudia sisi tukiwa tumeshahitimu.

Ahadi ya kwanza ilikuwa rahisi. Ya pili ndiyo iliyotutoa jasho kwenye baridi.

Seva si mashine ya ajabu

Neno seva huwatisha wengi. Huwazia chumba chenye viyoyozi na taa zinazomweka. Kwa hakika seva ni programu inayokaa ikisubiri kuombwa. Kivinjari kikiomba ukurasa, seva huutafuta kwenye folda yake na kuutoa. Mashine yoyote inayoendesha programu hiyo ni seva. Hata seva ya kwanza kabisa ya wavuti, aliyoitumia Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN mwaka 1990, ilikuwa kompyuta ya mezani aina ya NeXT. Ilibandikwa karatasi iliyoonya kwamba mashine hiyo ni seva, isizimwe. Onyo hilo tumeliiga: kwenye kompyuta ya chama sasa lipo kwa Kiswahili.

Programu tuliyoichagua ni Apache, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1995 na ambayo haina malipo. Kwa kuwa kompyuta zote mbili zinatumia Windows, tuliipata ndani ya XAMPP, kifurushi kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 2002. Kila herufi ya jina hilo ina maana. A ni Apache, P mbili ni lugha za PHP na Perl, na M ni MariaDB, hifadhidata iliyozaliwa kutokana na MySQL. MySQL yenyewe ilikuzwa na kampuni iliyokuwa na makao yake Uppsala, huku huku Uswidi.

Hatua tulizozifuata

Kwa anayetaka kujaribu, hizi hapa hatua kama zinavyosomeka katika mwongozo uliosahihishwa.

Kwanza, chukua XAMPP kutoka tovuti ya Apache Friends na uiendeshe. Ikiuliza iwekwe wapi, iache kwenye C:\xampp. Usiipeleke kwenye Program Files, kwa sababu Windows hubana ruhusa ya kuandika humo.

Pili, ikikuonyesha orodha ya vipengele, bakiza Apache na vile inavyovihitaji. Kwa kurasa za kusoma tu, hifadhidata haina kazi.

Tatu, fungua XAMPP Control Panel. Kwenye mstari wa Apache bonyeza kitufe kilichoandikwa Start. Jina la Apache likipata rangi ya kijani, seva imeamka. Ulinzi wa Windows ukiuliza kama Apache iruhusiwe, iruhusu kwenye mtandao wa ndani peke yake.

Nne, fungua kivinjari kwenye kompyuta hiyo hiyo na uandike http://localhost. Jina localhost maana yake ni mashine hii hii uliyoikalia. Ukiona ukurasa wa kukaribishwa, endelea.

Tano, ingia C:\xampp\htdocs, tengeneza folda iitwayo jarida, na uweke humo mafaili yako pamoja na faili la index.html lenye orodha. Majina ya mafaili yawe ya herufi ndogo, bila nafasi. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, lakini siku mkihamia Linux itajali, na viungo vyenu vitakatika.

Sita, fungua dirisha la amri, andika ipconfig, na usome anwani iliyo kwenye mstari wa IPv4, kwa mfano 192.168.1.20. Mwenye simu iliyounganishwa na Wi-Fi hiyo ataandika http://192.168.1.20/jarida na kusoma. Mwombe msimamizi wa ruta aifunge anwani hiyo kwa kompyuta yenu, la sivyo itabadilika na watu watapotea.

Tunatoa angalizo moja. Waliotengeneza XAMPP wanasema wazi kwamba imekusudiwa kazi ya majaribio, kwa hiyo milango yake mingi imeachwa wazi. Itumike ndani ya chumba. Msiitoe kwenye intaneti ya dunia nzima.

Maneno yaliyotukwamisha

Mwongozo wa awali haukusomeka hivyo. Tuliuandika kama watu wanaojibu mtihani wa istilahi, tukitafsiri kila kitu.

Tukaandika "bonyeza Anza", ilhali kwenye skrini kitufe kimeandikwa Start. Wenzetu walitafuta Anza mpaka wakachoka. Tulichojifunza ni kwamba mwongozo hauna haki ya kutafsiri kitu ambacho jicho linakiona kwa lugha nyingine. Mkitaka Anza, itafsirini programu yenyewe. Hilo linawezekana, na chuo cha nchi yetu kimewahi kulifanya kwa kushirikiana na Waswidi. Katika mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46 waliandaa istilahi za kompyuta, kisha mwishoni mwa 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi ambazo menyu zake zilikuwa za Kiswahili. Hapo mwongozo ukisema Faili, mtu anaona Faili.

Tukaandika "fungua folda mzizi". Mwenzetu mmoja alitafuta folda yenye jina mzizi kwenye kompyuta nzima. Sasa tunasema "folda ya htdocs, ambayo ndiyo ghala ya kurasa", na hakuna aliyepotea tena.

Tukaandika "pakua". Hili tulidhani halina shida, maana limezoeleka. Lakini mwenzetu aliyekuwa akitusomea mwongozo kwa sauti aliuliza, "Napakua kutoka wapi kwenda wapi?" Alikuwa na haki. Chakula hupakuliwa kutoka chunguni na mzigo hupakuliwa kutoka garini, na mara zote mbili tunajua kinakotoka na kinakokwenda. Kwenye kompyuta hakuna chungu kinachoonekana. Tukaongeza maneno manne tu, "kutoka mtandaoni, uweke hapa", na swali likaisha.

Neno lililotusumbua kuliko yote lilikuwa bandari. Apache ilikataa kuamka nyumbani kwa sababu programu nyingine ilikuwa imeshakalia namba 80, ambayo ndiyo seva ya wavuti huisubiria maombi. Mwongozo ulisema "badilisha bandari". Jibu likaja kwa kicheko: "Bandari ipi tena, ya Dar au ya Tanga?"

Tulitoka nje kupumzika, na mji wenyewe ukatupa jibu. Södertälje ina bandari, na ina mfereji uliofunguliwa mwaka 1819 kuunganisha ziwa Mälaren na Bahari ya Baltiki. Kwa kuwa maji ya pande mbili hayalingani, meli hupitia kwenye chumba cha maji chenye malango. Malango makubwa yana asili yake mwaka 1924. Ukisimama pale unaona tofauti kwa macho. Bandarini meli hutia nanga na kushusha shehena. Langoni hupita tu, na lango likifungwa haipiti. Namba 80 ni mahali pa kupita. Tuliporudi tukafungua kamusi na kukuta kwamba neno la Kiingereza la kompyuta limetoka kwenye Kilatini porta, mlango, na si portus, bandari. Aliyetafsiri kwa "bandari" alidanganywa na tahajia. Tukaandika "mlango 80" na hakuna aliyecheka.

Kurekebisha kwenyewe kulikuwa kwepesi. Amri ya netstat -ano huonyesha mlango upi umekaliwa na programu ipi. Kama mwenye mlango hawezi kuondoka, fungua faili la httpd.conf kupitia kitufe cha Config, tafuta mstari wa Listen 80, uufanye Listen 8080, hifadhi, kisha uamshe Apache upya. Tangu hapo anwani huongezewa namba: http://192.168.1.20:8080/jarida.

Ng'ombe aliyeharibika

Tulipodhani tumemaliza, ukurasa wa kwanza ulifunguka nyumbani na ngano ya ng'ombe na fisi ikasomeka "ngâ€™ombe". Mahali tulipoandika mji wetu palisomeka "SÃ¶dertÃ¤lje".

Wengi husema Kiswahili hakina herufi za ajabu, basi hakiwezi kuharibika kwenye kompyuta. Wamesahau king'ong'o. Programu ya kuandikia huigeuza alama yake ikawa ya kupinda, na alama hiyo, kama ö na ä za Kiswidi, huhifadhiwa kwa baiti zaidi ya moja katika mfumo wa UTF-8. Kivinjari kisipoambiwa mfumo uliotumika, hukisia, na kikikosea husoma kila baiti kama herufi kamili. Dawa ni mstari mmoja juu ya kila ukurasa: <meta charset="utf-8">. Tuliuweka, na ng'ombe akarudi zizini. Lugha mbili zilizo mbali hivi ziliponea dawa moja.

Somo la mji huu

Södertälje ina jamii kubwa ya Waashuri na Wasiriaki, Wakristo wa Mashariki ya Kati walioanza kufika mwaka 1967. Lugha yao ni ya ukoo wa Kiaramu na haina nchi inayoitumia kama lugha ya taifa. Hawakusubiri nchi hiyo. Televisheni zao mbili, Suroyo TV na Suryoyo Sat, hurusha matangazo kwa setilaiti kutoka mji huu huu. Sisi, wenye lugha inayozungumzwa na mamilioni, tulipoteza majarida yetu kwa ada ya mwaka mmoja.

Hatusemi kompyuta moja chini ya meza ni sawa na televisheni. Tunasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Darasani tumejadili istilahi kwa mihula mingi, na mijadala hiyo ina faida. Lakini neno "bandari" lilipita kwenye majadiliano yetu yote bila kupingwa, likaanguka dakika ile mtu alipotakiwa kulifanyia kazi. Tunawaomba walimu wetu walifikirie hili: orodha ya istilahi za kompyuta isipitishwe kabla ya mtu asiyezijua kupewa mwongozo na kompyuta, na sisi kukaa pembeni tukiandika anapokwama.

Wiki iliyopita wenzetu walitutumia faili la access.log, ambamo Apache huandika kila ombi inalopokea. Namba 200 kwenye mstari maana yake ukurasa umetolewa. Namba 404 maana yake umeombwa na haupo. Mistari ya 200 ilitufurahisha. Kisha tukaona faili moja lenye 404 zinazojirudia siku baada ya siku: toleo-la-tatu.pdf. Tuliliweka kwenye orodha tukitumaini lingepatikana, lakini si kwenye kompyuta wala kwenye flashi halimo. Lilikuwa mtandaoni peke yake.

Watu wanalitafuta. Kama wewe, au kaka au dada yako aliyekutangulia chuoni, ana nakala ya karatasi ya toleo la tatu, hata ikiwa imechanika jalada, ilete chumbani. Skana ipo, folda ipo, na hatua ya tano inaeleza pa kuiweka.