Mwalimu ana notisi ya siku saba, wewe una nini?

Kama umewahi kulala bweni, dalili unazijua. Chakula cha jioni kinabaki kwenye sahani na hakuna anayelalamika. Prepu imetulia kupita kiasi. Mtu analala na viatu. Naibu wa mwalimu mkuu, ambaye huwa hapitwi na kitu, anaondoa gari lake uani mapema. Saa nne usiku jiwe la kwanza linagonga dirisha la bwalo. Kesho yake, ukipita Kapsoit kwenye barabara ya Kericho kwenda Kisumu, unawakuta stejini na masanduku yao ya bati: nusu wanacheka, nusu wanawaza watamwambia nini mzee nyumbani.

Hiyo nusu ya pili ndiyo nataka tuongee nayo leo. Pamoja na wewe uliyemaliza shule, uko mjini, na una mdogo wako huko.

Tuanze na huyo mzee. Huku kwetu karo hutoka shambani kwa chai. Mkulima wa KTDA hupata malipo madogo kila mwezi, kisha anangoja bonasi ya mwaka. Deni la dukani linangoja bonasi, mabati yanangoja bonasi, na bursa wa shule pia anangoja bonasi. Sasa kumbuka Septemba 2025. Wanafunzi wa Litein Boys, upande ule mwingine wa Kericho kwenye njia ya Sotik, walizua ghasia na kuharibu mali. Shule ikafungwa, halafu wazazi wakaambiwa walipe karibu shilingi 50,000 kwa kila mwanafunzi ndipo arudi darasani. Kama mtoto wako alirusha jiwe au alijificha chini ya kitanda, bei ni ile ile. Ilibidi wazazi wakimbilie Mahakama Kuu ya Kericho, ambayo ilisimamisha malipo hayo kwa muda. Na bonasi ya msimu huo? Wakulima wa upande huu walilia, kwa sababu wenzao wa Mlima Kenya walilipwa vizuri zaidi.

Wakubwa wana majibu yao tayari kuhusu chanzo cha migomo: bangi, simu, na ati fimbo iliondolewa. Fimbo ilipigwa marufuku 2001, na mwaka 2021, shule zilipowaka tena, Waziri George Magoha alitaka irudishwe. Mimi naona hayo ni majibu ya uvivu. Mtafiti Elizabeth Cooper, aliyezungumza na wanafunzi wa Kenya na kuandika kitabu *Burning Ambition* kilichotoka 2022, anaonyesha jambo linalouma zaidi: wanafunzi huchoma kwa sababu wameona kwamba moto hufanya kazi. Ukilalamika kuhusu maharagwe yenye wadudu, unaitwa mchochezi. Bweni likiungua, mkurugenzi wa elimu anafika kabla ya saa sita mchana.

Wamejifunzia wapi? Hebu angalia mbele ya darasa. Mwaka 1997 KNUT chini ya Ambrose Adongo iligoma, na serikali ikakubali nyongeza kubwa uchaguzi ukikaribia. Ahadi hiyo haikulipwa ilivyoandikwa, wakagoma tena. Mwaka 2015 Wilson Sossion, mtu wa Bomet hapa jirani, aliongoza mgomo wa wiki tano baada ya mahakama kuwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60 na serikali kukataa kulipa. Watahiniwa walikuwa wamebakisha wiki chache tu kabla ya KCSE. Mwaka 2024 walimu wa mafunzo wa JSS, waliolipwa shilingi 20,000 kabla ya makato, waliweka chaki chini. Januari 2025 walimu 46,000 kati yao wakapewa kazi ya kudumu.

Siwalaumu. Kwa pesa hiyo ningegoma pia. Lakini kijana aliyekaa dawati la nyuma anatazama yote haya na anajumlisha mwenyewe.

Anachokosa kuona ni karatasi zilizo nyuma ya mgomo wa mwalimu. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inadai notisi ya siku saba kwa maandishi. Kuna chama, kuna mahakama, na mwishoni kuna mkataba wa kurudi kazini ambao kwa kawaida unasema hakuna atakayeadhibiwa. Mwanafunzi hana hata moja ya hayo. Yeye ana kiberiti.

Na kiberiti hakichagui. Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67 walikufa bwenini, mlango mmoja umefungwa, madirisha yana vyuma. Moi Girls Nairobi, 2017: wasichana waliangamia, na 2022 aliyekuwa mwanafunzi mwenzao akafungwa miaka mitano kwa kuua bila kukusudia. Mahakama ilikubali kwamba hakukusudia kuua. Waliokufa hawakurudi.

Lakini kiti kipo, ni vile hukuambiwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaruhusu mwakilishi wa baraza la wanafunzi kuketi kwenye bodi ya shule. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu, bila kutaja umri, haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka kwa amani. Mwongozo wa usalama wa wizara wa 2008 unasema madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwenda nje. Hayo ni mambo matatu unayoweza kuyataja kwa sauti ya kawaida, bila mtu kukuita mhuni.

Najua utasema nini. Mwakilishi huchaguliwa na mwalimu mkuu, na kwenye mkutano anatumwa kuleta viti kisha anaambiwa atoke. Kweli, shule nyingi ziko hivyo. Mwalimu mkuu anayeogopa orodha ya malalamiko anaweka akiba ya petroli bila kujua. Kwa hiyo dai la kwanza la baraza lenu liwe hilo: mwakilishi apigiwe kura, na abaki ndani mpaka mkutano uishe.

Wewe uliye mjini, mdogo wako akikupigia kwa simu ya metroni na kusema "huku kunanuka", usimwambie avumilie tu. Muulize malalamiko yameandikwa wapi. Kama hayajaandikwa, yaandikwe: kinachosumbua, tangu lini, nani aliambiwa, alijibu nini. Kisha mzazi apige fotokopi hapo Kapsoit siku ya kutembelea, moja iende kwa mwalimu mkuu, moja kwa mwenyekiti wa bodi, moja kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Ya nne abaki nayo katibu wa baraza, ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe.