Perchi chini ya barafu: kweli au uongo?

Finland ina maziwa yapatayo 188,000, ukihesabu hata yale madogo. Majira ya baridi yanapokolea, watu hutoka nyumbani na keekee ya kutobolea barafu, kigoda na ufito mfupi kama mkono wa mtoto. Kuvua kwa mtindo huo ni haki ya kila mtu, raia au mgeni, wala hakuhitaji leseni, isipokuwa katika sehemu chache zilizokatazwa. Anayetafutwa hasa ni perchi, samaki wa taifa la Finland. Wenzetu waliohamia huko hualikwa ziwani na majirani au wafanyakazi wenzao, nao hufika vichwa vikiwa vimejaa maneno ya kusikia. Tuyapime.

"Perchi ni sangara mdogo." Uongo. Sangara wa Ziwa Victoria ni wa ukoo mwingine, na anaweza kupita kilo 100. Perchi atokaye shimoni mara nyingi ana gramu 100 au 200. Mgongo wake ni wa kijani, ubavuni ana milia myeusi, mapezi ya chini ni mekundu, na pezi la mgongoni lina miiba inayochoma. Ukimshika, telezesha kiganja kutoka kichwani kuelekea mkiani ili miiba ilale.

"Ziwa likishaganda lote, tembea utakavyo." Uongo, na huu ndio unaoua. Usikanyage barafu isiyofika sentimita 10, nayo iwe ile ngumu, nyeusi, inayopenyeza mwanga. Nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa, ina nguvu kama nusu tu ya hiyo. Theluji nene nayo huzuia baridi isipenye, barafu ikabaki nyembamba pale pale unapodhani iko imara. Ogopa midomo ya mito, chini ya madaraja, mikondo kati ya visiwa na kando ya matete. Kuanzia Machi jua huitafuna kwa ndani, hata ile ya sentimita 30 ikaweza kukusaliti.

Kwa hiyo toboa na upime kadiri unavyosonga, usiende peke yako, na uvae shingoni misumari miwili ya kujiokolea. Ukitumbukia, geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ndiyo iliyokuwa imekubeba. Chomeka misumari, piga miguu kama mwogeleaji, jivute kwa tumbo, kisha biringika hadi mahali salama. Usisimame upesi.

"Chini ya barafu samaki wamelala." Nusu kweli. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, ndiyo maana yaliyo baridi kuliko hapo hubaki juu na kuganda, huku chini kukiwa na uvuguvugu kidogo. Perchi hupunguza mwendo na mlo, lakini anakula. Anawinda kwa macho, kwa hiyo mchana ni wake. Giza likiingia hutulia chini, na anayekesha shimoni kumngoja anajitesa bure.

"Mvumilivu hula mbivu: kaa kwenye shimo lako." Uongo, na hapa ndipo wanaoanza wanaporudi mikono mitupu. Perchi hutembea kwa makundi. Kundi likiwa halipo chini yako, subira yako haitaliita. Wavuvi wazoefu hutoboa mashimo mengi kwa mstari, kutoka maji mafupi hadi marefu, na kila shimo hulipa dakika chache tu. Ukipata mmoja, baki, kwa kuwa wenzake wako karibu. Mshipi ukinyamaza, hama.

Katika dakika hizo chache mkono nao usilale. Shusha ndoana mpaka iguse tope na kutimua kiwingu kidogo, kwa kuwa kiwingu hicho humvuta perchi aje kuangalia. Inyanyue sentimita 5 au 10, itikise kwa mtetemo mdogo wa kifundo cha mkono, kisha acha. Hapo pa kuacha ndipo anapouma. Usitegemee kuvutwa kwa nguvu. Kijiti laini kwenye ncha ya ufito kitainama kidogo tu, au kitainuka kana kwamba bila sababu, kumbe amekibeba chambo kwenda juu. Nyanyua mara moja.

"Ndoana kubwa, samaki mkubwa." Uongo. Katika maji baridi anadokoa. Chubwi ndogo yenye ndoana, mshipi mwembamba, na buu mmoja au wawili wa nzi, au mabuu mekundu ya usubi, vinatosha. Mshipi mnene hukifanya chambo kionekane kimekufa.

"Ana miiba na magamba, hafai kula." Uongo mtupu. Nyama yake ni nyeupe, imara na tamu. Magamba yamegandamana, basi usihangaike kuyaparua: kata minofu miwili kando ya uti wa mgongo, kisha ichune ngozi yote pamoja na magamba yake. Ipake unga wa rai na chumvi, uikaange kwa siagi. Ila kabla ya kufika jikoni, usimwache samaki akitapatapa juu ya theluji hadi agande. Mpige kichwani kwa kigongo mara tu anapotoka majini, kisha mkate koo atoke damu.