Greda lako nyumbani na nusu saa ya asubuhi

Mvua za masika zinapokatika, kati ya mwezi Mei na Juni, vijiji vingi vya Tanzania huanza kusubiri greda. Barabara zimechimbika, mifereji imejaa mchanga, na malori ya mazao hayapiti. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, unasimamia zaidi ya kilomita 100,000 za barabara, na sehemu kubwa yake ni za udongo na changarawe. Kazi hizo hupewa makandarasi, na mkandarasi mdogo asiye na greda lake hulazimika kukodi.

Hapo ndipo wanapoingia baadhi ya ndugu zetu walioko ng'ambo. Mtu amefanya kazi Muscat au Manchester miaka kumi, amejibana, amenunua greda lililotumika kutoka Dubai, likapakiwa melini hadi Dar es Salaam na kukabidhiwa mdogo wake. Kila jioni anapiga simu. Anauliza limefanya saa ngapi, limekunywa dizeli lita ngapi, na nani alikuwepo wakati wa kujaza tangi. Simlaumu, maana dizeli huibwa kweli. Lakini swali ambalo lingemwokolea fedha nyingi zaidi haulizi: asubuhi ya leo, kabla ya kuwasha, opereta alikagua nini?

Ukaguzi wenyewe hauzidi nusu saa, na huanza kabla ya ufunguo kuguswa. Opereta anayejua kazi yake hutazama kwanza chini, pale greda lilipolala. Doa la oili kwenye udongo linaeleza habari ya usiku mzima. Likiwa chini ya injini ni jambo moja, likiwa karibu na magurudumu ya nyuma ni jingine, kwa sababu magurudumu manne ya nyuma ya greda huzungushwa kwa minyororo iliyo ndani ya makasha mawili marefu yenye oili, moja kila upande. Kasha likivuja polepole bila mtu kuona, mnyororo hukauka, na gharama ya kulifungua kasha hilo si ya kuisimulia.

Baada ya hapo ni injini: oili kwenye kijiti, maji ya rejeta yakaguliwe injini ikiwa ya baridi, mikanda, na kile kichujio kinachotenga maji na dizeli, ambacho hufunguliwa chini kidogo ili maji yatoke. Wengi huruka hatua hii ya mwisho. Tangi likilala nusu, hewa iliyo ndani hupoa usiku na kuacha maji, na maji hayo yakifika kwenye pampu na nozeli huziharibu. Ndiyo maana inashauriwa tangi lijazwe jioni baada ya kazi, siyo asubuhi. Mwenye mali anayeogopa wizi wa usiku hupenda lilale tupu, na hapo inabidi achague: aajiri mlinzi au anunue nozeli.

Mipira ya haidroliki nayo ipitiwe kwa macho, siyo kwa kiganja. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano kwa shinikizo kubwa huweza kupenya ngozi, na jeraha hilo, hata likionekana dogo, ni la kukimbiziwa hospitali siku hiyo hiyo. Fundi mzoefu hupitisha kipande cha boksi la karatasi ngumu pale anapohisi uvujaji.

Sasa tuje kwenye bledi, maana hapa ndipo ukaguzi wa asubuhi unapogeuka kuwa barabara nzuri au mbovu. Bledi yenyewe haikati udongo. Kinachokata ni kisu kilichofungwa chini yake kwa bolti, ambacho kimetengenezwa kwa kuliwa na kubadilishwa. Kisu kikiisha na opereta akaendelea kwa sababu "bosi hajatuma hela", udongo huanza kuila bledi yenyewe, na bledi siyo kitu cha kununua dukani Tunduru. Visu vingi vinaweza kugeuzwa juu chini vikatumika upande wa pili, na huo ni uhai wa bure ambao hupotea kwa kuchelewa siku tatu tu.

Bledi hushikwa na lile duara kubwa la chuma lenye meno, linaloizungusha. Duara likilegea kwa sababu vipande vya kusugulia vimeisha, bledi hutetemeka inapokata. Greda hupita, wananchi hupiga makofi, na baada ya wiki chache barabara ina mawimbi yanayotikisa meno. Watu husema mkandarasi kala pesa. Huenda kala, lakini huenda pia hakuna aliyesimama mbele ya bledi asubuhi, akaishika na kuitikisa aone inacheza kiasi gani.

Upepo wa matairi ni hadithi hiyo hiyo. Greda halina springi kama lori; tairi likinywea, mashine nzima huinama, na bledi nayo huinama. Barabara ya udongo inatakiwa iwe na mgongo katikati, mteremko wa kama asilimia 4 kwenda kila upande, ili maji yakimbilie mtaroni. Kati ya matairi ya kushoto na ya kulia kuna kama mita 2. Upande mmoja ukishuka sentimita 2, tayari umepoteza asilimia 1 kati ya hizo 4, na opereta asipogundua, maji yatabaki barabarani. Kipimo cha upepo ni chombo cha bei ndogo, na magreda mengi hayana.

Grisi ifuate kitabu cha mashine yenyewe. Viungo vya usukani na vya magurudumu ya mbele huhitaji grisi mara kwa mara, lakini si kila chuma kinachosuguana hupakwa. Kwenye aina fulani za greda, grisi ikipakwa mahali pasipotakiwa hushika mchanga na kugeuka msasa.

Injini ikishawaka, bado kuna dakika chache. Breki zijaribiwe kabla ya kuingia barabarani, na breki ya kuegesha, usukani, honi ya kurudi nyuma na taa navyo vijaribiwe. Magreda ya zamani yenye breki za upepo yana matangi ya hewa ambayo maji yake humwagwa kila siku. Kazi ya greda ni kurudi nyuma mara nyingi, na nyuma ya greda mara nyingi kuna watoto.

Ni kweli maopereta wanajua mengi ya haya. Tatizo ni malipo. Akilipwa kwa saa za injini, nusu saa ya ukaguzi ni nusu saa ya bure kwake. Akilipwa kwa kilomita, ndiyo kabisa. Ndugu yangu uliyeko nje, iweke nusu saa hiyo kwenye posho yake, kisha mwombe karatasi moja kwa siku yenye saa za injini, oili iliyoongezwa, grisi, upepo wa matairi na hali ya kisu. Picha ya simu inatosha. Siku oili inayoongezwa inapopanda kutoka nusu lita hadi lita mbili, utajua hata ukiwa Doha. Na saa zikikaribia 250, ambazo kwa magreda mengi ya zamani ndizo za kumwaga oili ya injini, utatuma fedha mapema badala ya kusubiri simu ya usiku.

Kwa anayenunua greda lililofanya kazi Ghuba, aanze na vitu vinavyochoshwa na joto na vumbi: mipira ya haidroliki iliyokakamaa, sili, na vichujio vya hewa, ambavyo visikung'utwe kwenye tairi kama wengi wanavyofanya, maana hutoboka. Na greda likipandishwa kwenye tela kwenda Songea au Kigoma, ile pini inayofunga kiungo cha katikati iwe mahali pake, lisijikunje njiani. Likishushwa, itolewe kabla ya opereta kugusa usukani.