Gari likila tairi upande mmoja, usikimbilie kununua jipya

Wenye pikapu zinazopandisha mpunga kutoka bonde la Ziwa Rukwa hadi Sumbawanga mjini wanalijua hili. Tairi la mbele kwa nje bado zuri, lakini ukiinama kuangalia kwa ndani, waya zimetokeza. Lawama humwangukia aliyeuza tairi, wakati mara nyingi tatizo ni alaimenti.

Alaimenti ni kuyaweka magurudumu yaelekee yanakotakiwa. Yakielekeana kwa mbele, au yakitazama nje, tairi huzunguka huku likiburuzwa pembeni. Gurudumu likikosea kwa digrii 1 tu, kila kilomita linaburuzwa takriban mita 17. Kutoka hapa Sumbawanga mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo limesugua lami zaidi ya kilomita 3 bure. Na hapo bado hujarudi!

Gari likiwa limesimama na kuzimwa, pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Kama kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza kama msumeno, magurudumu hayaelekei sawa. Tairi lililoisha katikati lilijazwa upepo kupita kiasi. Lililoisha kingo zote mbili lilikuwa na upepo mdogo. Usukani unaotetemeka ukiongeza mwendo tu, hiyo kwa kawaida ni balansi, kazi nyingine kabisa, na bei yake ni nyingine.

Gari lenye kasoro hii huvuta upande. Barabara nyoofu utachoka mikono tu. Lakini kwenye kona za kuteremka Muze, mvua ikinyesha na mzigo ukiwa nyuma, tairi lililolika halishiki barabara, na ukikanyaga breki gari linaweza kukutoka.

Kabla ya kupima, fundi ainue gari na kutikisa magurudumu. Tairodi, boljointi au bushi zikiwa zimelegea, zibadilishwe kwanza, la sivyo alaimenti itapotea kwenye shimo la kwanza. Fundi anayepima bila kutikisa, sisi tungeondoa gari letu. Anayepima kwa kamba msimdharau: kamba iliyonyooka huonyesha gurudumu linaelekea wapi, mradi gari liko sehemu tambarare na upepo uko sawa. Ila gurudumu lililolala upande linahitaji kipimo cha mashine.

Ukitoka gereji, jaribu gari barabara nyoofu. Likienda sawa huku usukani umekaa mshazari, lirudishe siku hiyo hiyo.